Siku Yangu ya Kuzima Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa nastaafu. Hapa kiwandani mwanamke akifika hamsini na tano, kwaheri. Mwanaume mpaka sitini! Kipara wa meza ya pili tuliajiriwa wiki moja, tunakata mashati yaleyale, na yeye bado yupo yupo. Tena anapata posho ya familia. Wanawake hatupewi, eti familia ni ya baba. Mimi mjane — hawa watoto wanne niliwaokota sokoni? Na kiinua mgongo nacho kinafuata mshahara. Ukilipwa kidogo ujanani, utalipwa kidogo uzeeni.

Kipara mwenyewe kaniambia anaona aibu. Nikamwambia aibu hailipi kodi ya nyumba. Tukacheka. Kisha nikaenda chooni nikakaa tu.

Jumanne, 4 Juni

Mchana wenzangu wamenizingira. Desturi yetu, anayestaafu huzima swichi kuu mwenyewe, jioni ya siku yake ya mwisho, ukumbi mzima ukigonga mikasi mezani. Sasa wanataka niizime saa nne asubuhi! Wao wagonge, mimi nizime, na hakuna kurudi kazini mpaka posho iwe ya wote. Kwa nini mimi? Eti mimi siwezi kufukuzwa tena, naondoka hata hivyo. Na aliyeleta wazo hilo ni kitindamimba wangu! Juzi tu kaajiriwa, hata kiti cha cherehani hakijamzoea. Mdomo huo ni wa marehemu baba yake, si wangu.

Sikukubali, sikukataa. Nilisema chakula kinapoa.

Jumatano, 5 Juni

Naogopa. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 6 Juni

Msimamizi kaniita ofisini. Tunamwita Bwana Kesho, maana ukidai chochote ni kesho. Leo kanivutia kiti — hicho tu kilitosha kunitisha. Akaanza: Mama, hundi yako ya kiinua mgongo iko tayari, nitakukabidhi kesho jioni kwenye sherehe. Akachezea kalamu. Halafu akasema amesikia kuna watu wanataka kuniharibia siku yangu. Ikiharibika, hundi itarudi makao makuu, na huko yeye hana sauti. Nilipofika mlangoni akaniuliza, binti yako anaendeleaje na kazi?

Anajua! Sijui kaambiwa na nani, lakini anajua. Hundi hiyo ndiyo paa langu, ndiyo dawa zangu za presha. Nikiikosa nitahamia kwa mkwe wangu, nikae sebuleni kwake nisubiri kupakuliwa chakula.

Nyumbani nimemwomba mtoto. Mwanangu, acheni. Watakufukuza, mimi nitakula nini na wewe utakula nini? Akasema, "Mama, kama unaogopa usizime. Sitakununia." Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Juni

Chumba cha kubadilishia nguo. Naandika gotini. Nimevaa gauni langu la bluu. Kipara kanitania, leo bibi harusi hana bwana. Wenzangu hawanitazami usoni. Bwana Kesho kasimama katikati ya ukumbi tangu asubuhi, mikono nyuma, anatabasamu.

Sizimi. Nimeamua. Nimejifungia humu mpaka saa nne ipite, jioni nitachukua hundi yangu niende zangu. Mwoga, ndiyo! Waniite mwoga. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nisipotokea hawatagonga, na mtoto naye atapona. Ipite tu, ee Mungu.

Saa nne imefika.

Wameanza! Hapana. Ni mkasi mmoja. Cherehani bado zinaunguruma, wote wameinamisha vichwa, nina hakika, na mkasi mmoja unagonga. Mlio ule naujua. Ni mkasi wangu wa zamani, ule mzito, nilimpa mwenyewe siku alipoajiriwa.

Bwana Kesho anafoka. Simsikii vizuri anasema nini. Mkasi haunyamazi.

Swichi iko hapa nje, ukutani, upande wa kushoto wa mlango. Mbona hawamsaidii? Mbona hakuna hata mmoja?

Bado anagonga. Peke yake.