Walivyoufungua Mtungi Wangu Vuhovi

Jumanne jioni, Butembo. Mvua imetufuata kutoka ziwani, na vumbi jekundu la barabara limegeuka uji.

Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu Masika, mke wangu, amechoka kunisikiliza.

Jumapili baada ya misa alikuja jirani yetu Katungu. Mume wake Muhindo, mchuuzi wa samaki, alikuwa amezama ziwani siku iliyotangulia, karibu na Kyavinyonge. Mtumbwi ulipinduka, naye akanaswa na nyavu chini. Wavuvi walipajua mahali penyewe, lakini pumzi zao hazikutosha kumfungua. Katungu aliniomba nimtoe ili amzike nyumbani. Hapa mjini sijui mwingine mwenye mtungi wa hewa wa kupigia mbizi. Kazi hiyo nilifunzwa zamani, tulipokuwa tunajenga daraja.

Mtungi wenyewe niliuchagua kwa taabu. Muuzaji wa Kampala alinisukumia kwanza wa alumini, mwepesi, unang'aa, ila namba za shingoni zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa. Mtungi uliofichwa umri wake, mimi sipumulii. Nikachukua wa chuma, mzee, wenye alama zote za kupimwa. Nilimulika ndani kwa tochi mpaka nikaridhika kwamba hauna kutu. Tangu siku ile sijawahi kuuacha mtupu kabisa, maana hewa kidogo ikibaki ndani, unyevu hauingii. Masika husema tungekuwa na blanketi moja, ningeufunika mtungi.

Jana asubuhi niliufunga nyuma ya pikipiki. Kwenye bariyeri ya Vuhovi, pale wanapozuia na kukagua wasafiri, askari akauliza ni nini. Nikajibu: bombone, kama tunavyoita mtungi kwa Kifaransa.

Ujinga wangu. Wiki ambayo milipuko inasikika upande wa Kalunguta, mimi nataja neno linaloanza kama bomu. Walirudi nyuma wote, bunduki zikanielekea. Nilipiga magoti kwenye matope nikaeleza kwamba ni hewa ya kupumua chini ya maji, kwamba kuna maiti inangojwa. Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mupepo iko kila fasi," akasema, akizungusha mkono hewani pande zote. "Juu ya nini wewe unaifunga mu chuma?"

Akaamuru ufunguliwe. Nilimsihi, haikusaidia. Hewa ililia muda mrefu, wao wameziba masikio. Ilipoisha wakanirudishia mtungi na kunitakia safari njema, kwa upole kabisa.

Upole huo ndio unaonichoma.

Hewa safi iko ng'ambo ya mpaka, na barabara ya Kasindi imefungwa kwa mapigano. Kompresa za hapa ni za kujazia magurudumu. Hewa yake ina mafuta, ukiipumua chini ya maji inaua. Hata hivyo niliendelea hadi ziwani na mtungi mtupu. Sikujua ningerudije kwa jirani zangu bila kufika.

Nakiri jambo moja. Njiani nililia, na sikumlilia Muhindo. Nililia kwa ajili ya chuma, nikiwaza kutu itakayoingia.

Katungu alikuwa ameketi juu ya mawe, kitenge kichwani. Nilimweleza yote. Aliuwekea mtungi kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Papa, ni hii ilikuwa ya kumutoa?"

Nikasema ndiyo.

"Ni kadogo," akasema, akaondoa mkono.

Nilivua shati nikashuka kwa pumzi yangu mwenyewe. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vidole viligusa wavu, kisha kitambaa, na kifua kikanilazimisha kupanda. Nilitapika maji mbele ya wavuvi. Hakuna aliyenicheka.

Asubuhi hii walimtoa kwa kulabu. Hawakuwa na njia nyingine, na kulabu haichagui pa kushika. Tulimfunika uso kabla Katungu hajakaribia, tukamleta mjini juu ya lori.

Kesho tunamzika. Jioni hii Katungu ametuma neno kwamba anataka niwe mmoja wa wanaume watakaobeba sanduku, nishike upande wa kichwa. Nimejibu ndiyo upesi, kabla sijajiuliza kama anajua kwamba nililia kwa ajili ya chuma.