Jina Langu Limeshinda Morogoro

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Mwalimu Donati wa michezo kaniita ofisini. Nikadhani ni habari ya zamu yangu ya nguruwe. Wapi! Chuo kinanihitaji kwenye mashindano ya vyuo Morogoro – mbio za mita elfu tano. Nikacheka. Mimi nikipanda tu hiki kilima cha tangi la maji, roho inataka kutoka. Naye akacheka. Anayehitajika si mimi, ni jina langu. Kuna mkata miwa huko Ruaha, hakuna mwanachuo atakayemgusa, ila yeye si mwanachuo. Tunalingana kimo. Basi yeye atakimbia kama Mathayo Timotheo, na Mathayo Timotheo mwenyewe atajificha shamba la chuo, Kilangali, mpaka mashindano yaishe.

Nikauliza, nikikataa je? Akasema taratibu kwamba alama za kufundisha darasani anatoa yeye, na mtihani wa mwisho ni Oktoba. Kisha akauliza kama baba hajambo!

Huyuhuyu ndiye anayetufundisha siasa. Juzi katusimamisha mstarini tukariri ahadi za chama. Ile ya kusema kweli daima tuliirudia mara mbili, eti sauti zilikuwa ndogo. Mfyuu!

Nimekubali. Nataka cheti changu cha ualimu.

Jumatano, 6 Agosti
Kaletwa. Anaitwa Melkizedek. Mikono imechanjwa na majani ya miwa, masizi bado kwenye kucha. Nimeagizwa nimfundishe kuwa mimi: darasa, bweni, jina la baba, kijiji chetu Msowero. Anashika upesi kuliko wengi wa darasani kwetu.

Chakula cha jioni kala na wanamichezo, meza ya dirishani. Nyama! Sisi wengine maharage yenye wadudu, kisha kesho asubuhi jembe. Wanamichezo wamesamehewa jembe. Kujitegemea ni kwa tusiojua kukimbia. Yudith, kepteni wa netiboli, kaniambia nisiwaonee wivu wasichana – wao wamesamehewa jembe ili wafue jezi za wavulana.

Nilimuuliza Melkizedek yeye anapata nini. Kaahidiwa kazi ya ulinzi hapa chuoni. Hataki kurudi kwenye miwa. Nimempa shati langu lenye nembo ya chuo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ninayemchukia namjua.

Jumapili, 10 Agosti
Kilangali. Kibanda cha shamba. Nafukuza ngedere kwenye mahindi. Dagaa asubuhi, dagaa jioni. Huko Morogoro nanyooshwa misuli.

Ijumaa, 15 Agosti
Yudith kapita na trekta la chuo. Nimeshinda! Wa pili alikuwa nyuma mbali, eti hata vumbi langu hakulionja. Mkuu wa Chuo alilia mbele za watu kwa furaha. Tena jana jioni wamenitaja redioni.

Redioni.

Yudith alikuwa bado anacheka, mimi nimekwishamfikiria baba. Tangu kijiji kiteremshwe kutoka mlimani na operesheni ya vijiji mwaka jana, baba kila jioni huenda kwa jirani yake Mzee Mwinshehe kusikiliza taarifa ya habari. Hakosi. Kasikia jina langu. Kasikia na lake.

Baba ni mwalimu wa kanisa. Hawezi hata kudanganya umri wa mbuzi anapomuuza.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimerudi chuoni. Mstarini Mkuu kaniita mbele, kanipa mkono, kasema ushindi huu ni matunda ya nidhamu. Chuo kizima kinajua. Kikapiga makofi. Nilitafuta hata mmoja anayeficha kicheko, sikumpata. Wanaamini, au wamezoea, sijui kipi kibaya zaidi. Mkono wa Mkuu ulikuwa na jasho. Nimenawa mara mbili.

Melkizedek kapewa kazi yake kweli. Yuko langoni na rungu na kofia. Karudisha shati langu, limefuliwa na kupigwa pasi. Nikamwambia hongera. Akatazama kando.

"Mama yangu hana habari," akasema. "Nikimwambia nilishinda, ataniuliza mbona hawakunitaja."

Nikaenda zangu kulisha nguruwe. Wale angalau hawahutubii mtu.

Jumamosi, 23 Agosti
Baba amekuja!

Basi mpaka Kilosa, lori mpaka hapa. Suti ya ibada, na jogoo mwekundu kwapani. Langoni kamkuta Melkizedek, kamwomba amwitie kijana wake aliyeshinda Morogoro. Na Melkizedek kaja kuniita. Kasema tu, "Mzee wako yuko langoni," akageuka.

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba. Kisha akaeleza yote hapo hapo, Melkizedek akisikiliza. Mzee Mwinshehe aliongeza sauti ya redio. Watu waliacha vyakula. Wazee wa kijiji wamenitumia nasaha ndefu kupitia kwake, na Jumapili kanisani waliimba kwa ajili yangu. Baba hakujua nina miguu. Nikiwa mdogo alikuwa ananiita kobe, na leo kaniomba radhi. Baba! Kuniomba radhi mimi!

Mwalimu Donati akatokea, anatabasamu. Baba akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili, shukrani ya kumlea mwanawe. Nilidhani hata yeye ataona haya. Akampima jogoo uzito. Akasema, "Mzee, umezaa simba."

Baba akasema ana ombi moja, kisha aondoke na lori la jioni.

"Zunguka uwanja mara moja tu, mwanangu. Nikawaeleze nyumbani nilivyokuona kwa macho yangu."

Donati akanivuta kando. Nimwambie mguu umeteguka. Nichechemee kidogo, basi. Oktoba si mbali, akanikumbusha. Kisha huyo, kaelekea jikoni na jogoo.

Nimesema nakwenda kubadilisha nguo. Ndiyo naandika hapa kitandani. Nimevaa lile shati. Dirishani namwona baba uwanjani: katandika leso kwenye nyasi, kakaa pale pale kwenye mstari wa kuanzia, kofia magotini. Melkizedek kaacha lango wazi, kasimama mbele ya mlango wa bweni. Kavua viatu, kama anayengoja kukimbia. Nikitoka tutakuwa wawili wenye kimo kimoja, na baba ataona yupi mwenye miguu.

Jogoo kapiga kelele jikoni, mara moja, fupi. Basi.

Hata kungoja baba aondoke kashindwa, Donati yule.

Baba kasikia. Kageuza shingo kutazama jikoni. Sasa anatazama huku.