Chacha Hatalala Nyumbani kwa Mama Yake

Jumapili, Nyarero. Mvua tangu asubuhi, na roho yangu imechafuka.

Marwa mwanangu, umefanya ujinga. Nakuandikia kwenye huu ukurasa wa mtandaoni alionifungulia binti yako Rhobi, maana nikikuambia kwa mdomo unachukua jembe unaondoka.

Kijana wako Chacha ni mtu mzima. Mkono wa kushoto na mguu vilikataa tangu utotoni, hilo tunalijua wote. Lakini anashona viatu kwa fundi Hamisi kule Nyamongo. Kiatu anakibana kwa magoti, uzi anauvuta kwa mkono wa kulia na meno. Amepanga chumba, anajipikia ugali.

Alhamisi akateleza kwenye matope akienda chooni. Mtu akakupigia simu. Ukafika na bodaboda, ukambeba kama gunia la mihogo hadi hapa nyumbani.

Bila kumuuliza.

Najua kinachokuuma, na si kule kuanguka. Ni wanarika wenzako wanaocheka kwamba mwana wa Marwa analala chumba cha kupanga na baba yake ana ardhi. Basi ungemjengea nyumba yake hapa, kama ulivyowajengea kaka zake. Wewe umemtandikia kwa mama yake. Mwanaume aliyetahiriwa, ambaye mila yetu inamkataza kulala humo. Na mkongojo wake umeupandisha darini, eti apumzike.

Amekataa kuingia. Tangu siku hiyo analala ghalani juu ya magunia ya mahindi, mama yake anampelekea chakula huku analia. Leo nimemfuata nimgombeze na yeye, maana ukaidi huo kaurithi kwangu. Akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akasema, "Nilitahiriwa pamoja na wenzangu, siku moja. Waite wote walale kwa mama zao, na mimi nitaingia."

Nikacheka. Halafu nikaketi kando yake juu ya gunia.

Akanieleza kwamba kabla hujafika alishaelewana na mama mwenye nyumba, wasimike nguzo za kushikia njia ya chooni. Ungeuliza, ungeambiwa.

Mchana Hamisi kapiga simu. Viatu vya watu wa mgodini vimejaa hadi mlangoni. Chacha asipofika kesho, nafasi yake anapewa mwingine. Simlaumu, ana kazi za watu. Lakini ikienda hiyo, nani mwingine atampa? Tulizunguka naye Tarime nzima. Walimtazama mkono, hakuna aliyemuuliza anajua kufanya nini.

Mimi pia naogopa. Matope ya Nyamongo nayajua, na pikipiki za kule hazina adabu. Nikisikia ameanguka tena sitapata usingizi. Lakini woga ni wangu, niubebe mwenyewe. Yeye ana mguu mmoja wa kutegemea, tusimtwike na woga wetu.

Kwa hiyo sikiliza. Shusha mkongojo sasa hivi, umpe mkononi. Kesho alfajiri umpeleke wewe mwenyewe, umwombe Hamisi radhi. Kisha geuza urudi.

Usisimame kumtazama.