Foksiwageni ya Omari na Njia ya Ujiji

Kanyenye,
Tabora.
20 Agosti 1975

Mpendwa shemeji Kuluthumu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na baba na wote hapo Bagamoyo. Je, mguu wa baba umepata nafuu? Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama macho yanampungukia, ila sauti ni ileile. Dada Maua amejifungua mtoto wa kike, naye amepewa jina lako. Vumbi la mwezi huu unalijua mwenyewe, hata chai tunakunywa nalo.

Shemeji, nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Kama uko peke yako, ikunje barua hii mpaka mtu wa nyumbani akae karibu nawe. Sipendi kukuogopesha, lakini ina habari ambayo haifai kupokewa na mtu akiwa peke yake.

Ni habari ya lile gari la mumeo, ile Foksiwageni. Unakumbuka lilivyoletwa uani mwaka wa sitini na sita, baada ya kukutwa karibu na stesheni ya Kaliua, ufunguo umo ndani na kaka Omari hayumo. Alikuwa ametoka kwenda kununua nta na asali kama kawaida yake. Mama alilifunika turubai, akakataza lisiguswe wala lisiuzwe, kwa sababu mwenyewe akirudi atalitaka. Ulipoondoka kwenda kwenu uliliacha hivyo, na hivyo limekaa miaka yote.

Mwaka huu, baada ya Maulidi, mama aliniita akasema, "Mfaume, litengeneze gari la kaka yako, liende linakotaka kwenda." Nilidhani ni maneno ya uzee. Tena nilifurahi, maana mimi ni fundi na gari lile nimelitamani siku nyingi. Nikamtafuta rafiki yangu Damas, yule anayetunza jenereta kule seminari ya Kipalapala, tukaanza kazi kila alipopata nafasi.

Kazi ilikuwa ya jasho. Injini ya gari lile iko nyuma na haina rejeta, haipozwi kwa maji, inapozwa kwa upepo tu. Panya walikuwa wamejenga viota ndani ya feni, na sakafu imeoza mpaka unaona ardhi. Vipuri siku hizi ni vya kubahatisha, kwa hiyo vingine tulivichonga wenyewe. Tuliishusha injini, tukaifungua yote, tukaipanga juu ya magunia bandani.

Kilichonishtua kwanza ni joto. Alasiri moja niliinua silinda kutoka kwenye gunia ikaniunguza vidole. Nikadhani ni jua, lakini banda lilikuwa kivulini tangu asubuhi, na nyundo iliyolala kando yake ilikuwa baridi. Nikairudisha juu ya gunia. Kesho yake alasiri ikawa vilevile, ndipo nikamwambia Damas aweke mkono. Akauweka, akautoa, akajifuta kwenye suruali.

"Chuma hiki kimetoka safari," alisema.

Tokea siku hiyo Damas hakufanya kazi bila rozari shingoni, nami sikufungua banda bila kusoma Ayatul Kursi. Joto halikukoma. Na mama, aliyekuwa akichambua mchele barazani, kila ikifika alasiri alikuwa akinyamaza katikati ya maneno, anasikiliza, halafu anaendelea. Sikuthubutu kumuuliza anasikiliza nini.

Tulipomaliza, gari liliwaka vizuri kuliko tulivyotarajia. Tukaamua kulijaribu kwenye njia ya Urambo, tufike nusu turudi. Niliendesha mimi. Mahali pa kugeuza palipofika, Damas akasema, "Geuza." Sitakudanganya, shemeji. Usukani haukukwama wala breki hazikukataa. Mikono ilikuwa yangu na nia ya kugeuza nilikuwa nayo, lakini sikugeuza. Damas aliniita jina mara mbili, kisha akaacha kuniita. Tuliipita Urambo, tukaiacha barabara, tukashika njia nyembamba porini, ile ya zamani ya misafara ya Ujiji, ambayo mimi sijawahi kuipita maishani.

Gari likazima lenyewe. Tulishuka tukakagua, petroli ipo, plagi nzima, mkanda wa feni uko mahali pake. Tulikuwa kwenye mahame. Watu wa hapo walihamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka jana, nyumba zimeezuliwa, zimebaki kuta. Ndege hata mmoja hakulia. Moshi ulitoka nyumba moja tu, na humo akatoka bibi mmoja mkongwe. Hakututazama sisi, alitazama gari.

"Leo limekuja na watu," alisema.

Tulimwamkia akaitikia marahaba, akasema jina lake ni Minza. Nikamuuliza siku nyingine linakuja na nani. Akajibu, "Kila alasiri nalisikia linakuja, linazima hapo mlipo. Nikitoka sioni kitu. Wenzangu walifurahi kuhama. Mimi nilitoroka nikarudi, maana mwenyewe akiulizwa, nani atawaonyesha alipo?"

Shemeji, jikaze sasa. Kaka Omari alifika pale siku ileile aliyotoka hapa, homa imempanda, hawezi hata kushuka garini. Bibi Minza na mumewe, marehemu Limbu, walimwingiza ndani, wakampa dawa walizozijua. Asubuhi haikumkuta hai. Walimzika kwa heshima, kando ya makaburi ya wapagazi wa zamani waliokufa njiani, wakampangia mawe. Kisha wakaogopa. Mgeni mwenye gari amefia nyumbani mwao, nani atawaamini kuwa hawakumuua? Limbu na majirani wakalikokota gari kwa ng'ombe hadi karibu na reli, wakaliacha, wakaapa kunyamaza.

Nikamuuliza bibi kama kaka aliacha neno. Akasema, "Neno lilikuwa moja tu. Kulu, Kulu. Kwetu kulu ni mkubwa, tukadhani anamtaka mzee wa kijiji. Tukamwita mzee, akaja, akamshika mkono. Naye bado anasema Kulu."

Niliketi chini pale pale. Damas ndiye aliyemweleza kwamba Kulu ni mkewe.

Tulimsomea Fatiha na Yasini, na Damas akasimama kando amevua kofia. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Mama nilimweleza jioni hiyohiyo. Hakulia mbele yangu, aliuliza tu kama mawe yametulia vizuri.

Sheikh Saidi anakusalimu. Anasema eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, wala si siku ya kupata habari. Yako ilikwisha zamani, ukiwa bado unamsubiri. Basi shemeji, usijifunge tena kwa ajili yetu. Ukipata mtu mwema, mama amesema nikuandikie kwamba radhi yake unayo.

Khitma tutaisoma kabla ya mfungo wa Ramadhani, kisha tutakupeleka kaburini kwake. Damas ameahidi lori la mpunga la mjomba wake.

Nisalimie baba, bibi Mwanahawa na watoto wote wa hapo. Mama, Maua na mwanawe wanakusalimu sana. Mungu akupe subira, akutie nguvu mahali ambapo mikono yetu haifiki.

Njoo kwa treni. Nitakupokea stesheni kwa miguu, tutatembea taratibu mpaka nyumbani. Gari lipo uani na ni zima, ila sijalipanda tena. Siku ile tulirudi watu wawili, na njia nzima lilikwenda zito kama limebeba watatu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja,

Mfaume