Viboko Waliozoea Kafi Langu

Jumatatu, 3 Machi 1975

Wageni hakuna. Wiki ya tatu sasa. Motaboti iko juu ya nyasi hapa Mweya, kando ya mkondo uendao ziwani, petroli haipatikani, na ndege wametaga ndani yake. Tumebaki na mtumbwi wa mbao na makafi mawili. Masereka, msaidizi wangu, mbele, mimi nyuma nikiongoza. Tumetoka hivyo hivyo, maana kiongozi wa wageni akishinda kitandani watu wataanza kumwita mgonjwa. Viboko arobaini na mmoja, ukingo wa kusini. Nyati kumi na tano. Ndege mwari wengi mno, sikuwahesabu, wananichosha.

Kwenye kona nimegonga kama kawaida. Mara tatu, polepole, mpini wa kafi kwenye ubavu wa mtumbwi. Asiyegonga hupita juu ya kiboko aliyezama, akapinduliwa. Imenichukua miaka tisa kuwazoesha mlio huo. Wakiusikia wanaibuka, wanatutazama, wanatupisha. Wa kwanza huwa Bibi, jike mkubwa mwenye sikio lililochanika. Viongozi wengine wamegonga mpaka mikono ikauma, viboko hawakuwajali. Najisifu, ndiyo. Daftari ni langu, na mke wangu Biira hasomi Kiswahili.

Alhamisi, 6 Machi

Wanajeshi wamekuja na lori. Sajini wao anataka nyama ya kambi. Alininyooshea kidole: "Wewe mzee ya mtumbwi, Jumamosi napeleka sisi kwa kiboko."

Nikasema ndiyo, afande. Mlinzi wa geti aliyesema hapana mwaka jana alipakiwa kwenye gari, mkewe bado anamuulizia. Mimi si shujaa.

Tumepanga, mimi na Masereka. Tutapita katikati ya mkondo, kimya, mbali na kona ya Bibi, tuwapeleke mpaka kwenye matete ya kaskazini ambako asubuhi hakuna kitu. Jua litawachoma, watataka kurudi. Masereka amesema mpango ni mzuri. Alisema hivyo huku akitazama pembeni.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka yaishe.

Walipanda watatu na bunduki. Tulishika katikati ya mkondo kama tulivyopanga. Sajini alikuwa anasimulia habari za kwao, mtu mchangamfu kwa kweli. Tukafika usawa wa kona. Nikagonga.

Sikufikiri. Mara tatu, polepole. Masereka aligeuka akanitazama na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Wakaibuka wote, Bibi mbele, masikio yakikung'uta maji. Walikuwa karibu sana. Hata mlevi asingekosa.

Viboko watatu wamekufa. Bibi hakuguswa. Kiboko akifa huzama kwanza, kwa hiyo tulikaa hapo saa nzima na zaidi tukisubiri waelee, sajini akinigawia sigara. Nikaivuta. Kisha tukawafunga kamba tukawavuta hadi ukingoni.

Sajini amefurahi. "Mzee, wewe iko na dawa. Jumamosi tunarudi. Wewe napiga hiyo mbao, wao nakuja." Akanipiga begani kirafiki.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Waliniachia paja zima. Nimekula. Ilikuwa tamu, na nimejichukia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekosa usingizi nikitafuta njia. Kukataa siwezi. Kukimbilia kwetu Maliba siwezi, wanajua nyumbani kwangu na Biira yuko huko. Nisipogonga, sajini atanilazimisha, ameshaona inavyofanyika. Imebaki njia moja. Hadi Jumamosi viboko wawe wananiogopa.

Tumejaza mtumbwi mawe. Masereka ameleta debe na chuma cha kulipigia. Nilifika kwenye kona nikagonga, wakaja, tukawatupia mawe. Masereka alilipiga debe kama mwendawazimu. Walizama wakatokea mbali. Walikuwa wanashangaa tu. Baada ya muda wakarudi.

Miaka tisa ya kuwafundisha na siku tano za kuwasahaulisha. Mwalimu gani huyu.

Jumatano, 12 Machi

Kundi limeanza kuelewa. Nikigonga, wengi wanazama na kushika njia ya ziwani. Nilitaka iwe hivyo na ikawa hivyo.

Bibi haendi. Jiwe limempata puani, akapiga chafya. Nikamsogelea mpaka nikawa namgusa, nikampiga kwa kafi usoni, mara mbili, kwa nguvu zangu zote. Angeweza kuuvunja mtumbwi katikati. Nadhani nilikuwa namwomba auvunje. Alirudi nyuma kidogo, akasimama, akanitazama. Masereka alisema kwa Lhukonzo, lugha yetu, tuondoke, basi, inatosha. Akaanza kupiga kafi kurudi.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepiga debe tangu asubuhi. Kona ni tupu. Hata Bibi sijamwona. Nimefika hadi mdomo wa ziwa na kurudi, hakuna. Nilikaa ndani ya mtumbwi nikalia, kwa furaha au kwa kitu kingine, sijui. Masereka alijifanya anakwangua kafi lake.

Jumamosi, 15 Machi

Walikuja. Nikawapeleka moja kwa moja mpaka kwenye kona, bila hila yoyote, nilikuwa na uhakika kabisa. Nikagonga. Maji yakatulia. Sajini akasema nipige tena. Nikapiga tena. Hakuna. Akaninyang'anya kafi akagonga mwenyewe, kwa kishindo, bila mpangilio. Hakuna. Akanizaba kofi, akasema dawa yangu imekwisha. Kofi hilo nililipokea kwa moyo mweupe. Akaamuru turudi.

Tulikuwa tumeshageuza mtumbwi. Hakuna aliyegonga. Bibi akaibuka ubavuni kwangu, upande wangu, pua yake ikivuja damu pale nilipompiga.

Walimpiga risasi sita.

Safari hii tulisubiri karibu saa mbili. Sigara sikuichukua.

Jumatatu, 17 Machi

Wengine hawajarudi. Masereka anasema tumeokoa karibu arobaini. Nimemwambia anyamaze.

Jumatano, 9 Aprili

Wageni wawili, wa kwanza tangu Februari. Bwana mmoja na mkewe, wamevuka mpakani wakapitia Bwera. Mke huyo alikuwa amevaa kofia nzuri, ameshika darubini. Tukawapeleka ukingo wote wa kusini. Popote tulipotokea, maji yalivurugika mbele yetu, kisha yakatulia. Viboko wanaujua mtumbwi wangu tangu mbali. Niliwaonyesha mwari. Nikawaonyesha ndege mdiria juu ya tete, nikamsifia kupita kiasi. Bwana alitazama saa yake.

Wakati wa kurudi akaniuliza, "Papa, zamani hapa kulikuwaka kiboko?"

Nikamwambia sijui, kazi hii nimeianza juzi tu. Masereka alikuwa mbele. Aliendelea kupiga kafi.