Kibuyu cha Kogo Kilichooshwa kwa Sabuni

Mama yangu,

Chamgei. Ninakuona ukiitikia peke yako hapo jikoni, miwani puani, karatasi umeielekeza dirishani upate mwanga. Goti lako linasemaje na mvua ya siku hizi? Na yule ng'ombe mkorofi, bado anapiga ndoo teke? Mimi ni mzima. Huku Kanada theluji imeanguka siku tatu mfululizo. Ni mchana, nimekaa kwenye chumba cha mapumziko na chai yangu, na nikiinywa nafumba macho ili nione mashamba ya chai ya kwetu Mogogosiek yakishuka kijani hadi mtoni.

Kazi ni ile ile ya kutunza wazee. Kuna bibi mmoja ninayemwogesha kila asubuhi, amesahau hata majina ya watoto wake. Juzi alinishika mkono, akaunusa, akaniambia nanuka sabuni. Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo, Mama, natembea kama mtu aliye nusu usingizini. Nikiwa kwenye korido napitiwa na moshi wa senetwet, ule mti ambao wewe ulikuwa ukitutuma tukakate matawi yake, upate mkaa wa kusugua ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande kuwa mursik. Nasimama. Namwona Kogo, mama yako, ameinamia kibuyu chake, anasugua polepole, na mimi mdogo nimekaa kwenye kigoda nikingoja anilambishe. Kisha mgonjwa anabonyeza kengele, na korido inakuwa korido tena.

Mwalimu Rono alinipigia simu wiki iliyopita akanitembeza kwa kamera ndani ya makumbusho yenu ya kijiji. Sikuamini ni lile banda la zamani la kupimia majani chai. Nimeona kikapu ambacho jirani yetu Mama Moraa alichumia majani tangu alipotoka kwao Nyamira akiwa msichana. Nimeona daftari la akina mama wa kanisa, na picha ya harusi ambayo hakuna anayejua bwana harusi ni nani. Mwalimu anasema watu wakishapeleka majani hupitia hapo na kubishana juu ya huyo bwana harusi hadi chai inapoa. Nilicheka sana.

Halafu akafika kwenye rafu moja tupu. Akaniambia ni ya vibuyu, lakini akina mama wamekataa kuleta vyao baada ya kusikia yaliyokipata cha Kogo. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Haukuwa unasumbua. Nililia.

Mama, unajua ndugu yangu Kipngeno ndiye aliyekiosha. Hujui ni nani aliyemwambia akioshe.

Ulipokubali kibuyu kitolewe kwa makumbusho, Kipngeno alinipigia akiwa nacho mapajani. Aliniambia, "Dada, hii kitu inanuka moshi mbaya. Wageni wakifungua watasema nini?" Nami nilikuwa nimetoka tu kupangusa vitanda, mikono yangu yote ni dawa na sabuni. Nikafikiria wageni wa kutoka mbali wakikunja pua juu ya kitu chetu, na nikaona haya. Nikamjibu, "Osha na sabuni ya unga, ndani na nje, halafu weka kwa jua ikauke." Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia afanye haraka.

Alinisimulia baadaye jinsi ulivyokifungua na kuweka pua yako pale mdomoni. Ulinusa mara moja, ukanusa tena, ukakifunga. Kisha ukasema, "Hii si ya mama yangu tena. Pelekeni tu." Na tangu hapo hujamwita kunywa chai. Anapita nje ya jiko lako kwenda kukama, anakusalimu, na wewe unaangalia moto.

Sikumwomba anifiche. Alinyamaza mwenyewe, akasema mtu aliye mbali asiongezewe mzigo. Lakini mimi nilikubali kufichwa, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilitaka unapopokea simu yangu sauti yako iendelee kufurahi. Nimemwacha ndugu yangu abebe kosa langu karibu mwaka mzima. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa hiyo hasira yako mwondolee yeye, uniwekee mimi. Mwite leo, barua hii ikiwa bado mkononi. Mpe chai, hata usipomweleza kitu ataelewa. Na mimi nikipiga simu usipokee hadi utakapotaka, nitavumilia.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie kofia aliyoagiza nimeipata. Nisalimie Mama Moraa, na shangazi aliye Sigor, na mke wa Kipngeno ambaye najua amekuwa akibeba maneno kati ya nyumba mbili bila kulalamika.

Kuhusu kibuyu, najua hakuna aliyethubutu kukipeleka na bado kiko kwako; sijui kama mkaa na maziwa vinaweza kukirudisha. Wewe ndiye unayejua. Nadhani kinachotoka hakirudi. Ila naomba usikitupe. Mwambie Mwalimu akiweke kwenye ile rafu kilivyo, cheupe na kitupu, akina mama wengine wakione. Mwalimu huandika kikaratasi chini ya kila kitu. Cha hiki asiandike jina la Kipngeno. Aandike hivi: kibuyu hiki kilioshwa kwa sabuni kwa amri ya mjukuu aliyekuwa mbali, ambaye alionea haya harufu ya kwao.

Na jina langu aliandike lote.

Ni mimi binti yako,
Chelangat