Andika Hivyo, Sista

Mpendwa mshauri, nakuomba unisikilize kabla ya Ijumaa, siku ya kukabidhi tasnifu yangu. Mimi ni muuguzi, nasomea shahada ya pili, na utafiti wangu unatumia fenomenolojia, yaani sihesabu wagonjwa wala sipimi dawa, namwomba mtu aliyepitia jambo anisimulie jinsi alivyoliishi yeye mwenyewe, na sharti kubwa la kazi hii ni mtafiti kuyaweka kando yale anayodhani anayajua. Nimewahoji wanawake tisa waliouguza wazazi au wakwe nyumbani hadi kifo. Mmoja ni fundi cherehani aliyemuuguza mama mkwe wake miaka miwili, nilimfuata kibandani kwake nikitoka zamu, nikiwa bado na sare, akanieleza vizuri mpaka akafika asubuhi ile mgonjwa alipokata roho, akasema alikaa ukingoni mwa kitanda, akamfunika miguu, halafu aka... Wiki iliyopita, nikisikiliza tena mahojiano hayo, nilisikia sauti yangu ikimkatiza: "Ukahisi nafuu." Cherehani ikazunguka kidogo, kisha yeye, taratibu: "Haya, sista. Andika hivyo."

Nami nikaandika, msimamizi wangu akakipigia mstari kipande hicho na kusema ndicho moyo wa tasnifu, na sikumwambia kitu, kwa sababu nafuu ile, mshauri, ni yangu. Mama yangu alilala kitandani miezi kumi na minne, nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na alipofariki jambo la kwanza nililohisi lilikuwa wepesi mabegani, kisha nikalia kwa sauti kuliko wote ili shangazi zangu wasinigundue. Mwenzangu wa wodini nilipomweleza kuhusu fundi alicheka, akasema nilikwenda kisimani na mtungi uliojaa. Nikikiri, nitachelewa kuhitimu. Nikinyamaza, nani atajua? Lakini mimi najua. Nifanye nini?

Muuguzi mwenye sauti mbili

*

Mwanangu, pole kwa msiba ambao naona hujamaliza kuulilia. Sasa nikuseme kidogo. Hujamwuliza mgonjwa anaumwa wapi, umeshamfunga bendeji. Tena ulikwenda na sare. Ulitegemea mama wa watu abishane na sare? Alikukubalia kama tunavyowakubalia wauguzi wote, ili umalize uende zako.

Unauliza nani atajua. Fundi anajua. Kuna jambo alikuwa nalo mdomoni, akalimeza kwa adabu.

Leo hii, kabla hujagusa tasnifu, chukua karatasi uandike habari za mama yako, miezi yote kumi na minne, na wepesi ule wa mabegani uutaje kwa jina lake. Kuweka kando si kuficha. Kitu ulichokificha hutembea nacho mpaka kwa watu, ndicho kilichokuponyoka kibandani. Kesho nenda kwa msimamizi na kinasa sauti mkononi, umsikilizishe mwenyewe, uombe muda. Akinuna, mwache anune. Na wale wanane wengine, wasikilize upya. Kila ulipowatilia neno mdomoni, lifute.

Kisha vua sare, urudi kwa fundi. Mwambie: "Siku ile nilikukatiza. Ulikuwa unataka kusema nini?" Halafu funga mdomo. Ukiona kimya kinakuwasha, hesabu vifungo vya shati analoshona.

Kuhusu mama yako: uliyemgeuza kila saa mbili hukumtakia mabaya. Mtu akitua mzigo, mabega hutangulia kujua, macho hufuata baadaye. Hilo si kosa, wala halihitaji fundi cherehani wa kulitolea ushahidi.

Huenda naye alihisi nafuu. Huenda alihisi njaa, au hasira, au hakuhisi chochote. Mimi sijui, na wewe hujui. Ndiyo maana unakwenda.